Mgongo wa Askari na Umoja wa Waganga

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walisumbuliwa na maumivu ya kiuno na mgongo. Hiyo ni hesabu ya Shirika la Afya Duniani, nalo husema kwamba hakuna ugonjwa uletao ulemavu mwingi kuliko huo. Askari wamo katika hesabu hiyo: abebaye mzigo mwendo mrefu, aendeshaye lori katika barabara mbovu, na asimamaye lindo usiku kucha.

Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hutangatanga. Mganga mmoja humpa vidonge, wa pili humpiga picha ya eksirei, wa tatu humwambia alale kitandani. Hakuna ajuaye alilolifanya mwenzake.

Katika nchi jirani ya Rwanda, mwenye bima ya afya ya jamii huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo afike kwa mabingwa. Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, mjini Kigali, hupokea askari na raia pia. Nchini Kenya, walioumia uti wa mgongo wanayo hospitali yao ya rufaa mjini Nairobi. Utaratibu huo una maana, kwani mabingwa ni wachache na wagonjwa walio wengi hawahitaji kupasuliwa.

Lakini ngazi peke yake haitoshi. Barua ya rufaa haina budi kueleza yaliyokwisha kufanywa, na bingwa naye arudishe majibu. Mwongozo uliotolewa na Shirika hilo Desemba 2023, kwa maumivu ya kiuno yaliyo sugu, unataka elimu, mazoezi na tiba ya viungo viende pamoja. Haushauri mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni.

Wapo wasiopaswa kungoja. Aliyeshindwa kukojoa au kuzuia mkojo, aliyekufa ganzi sehemu za siri, aliyelegea miguu, au aliyeumia shingo ajalini, apelekwe hospitali mara moja. Kuchelewa kwaweza kumpooza maisha.

Kwa wengine, mganga wa kikosi ndiye afaaye kushika faili na kuwaunganisha wataalamu. Kamanda naye ana sehemu yake. Askari aliyeandikiwa kazi nyepesi, kisha kesho yake akatwishwa masanduku ya risasi, jitihada ya waganga wote imepotea bure.