Sisi Wazee na Hukumu Zetu juu ya Mabinti



Tumeombwa tuseme machache juu ya busara ya wazee. Tutaanza na kosa letu.

Jiko la hekalu lilipokarabatiwa, vijana wawili walituandikia hesabu, mvulana na binti. Kila mmoja alikosea kujumlisha mara moja. Juu ya mvulana tulisema, “Amechoka, ana mitihani.” Juu ya binti tulisema, “Ndiyo maana hesabu si kazi ya wanawake.” Kosa la kwanza tulilitafutia sababu, la pili, lililo sawa nalo, tuliwabebesha wanawake wote. Hakuna aliyeshtuka kati yetu, mpaka mama mmoja aliyekuwa akimimina chai alipouliza taratibu kama binti naye hakuwa na mitihani. Alikuwa nayo, tena juma lilelile.

Mzee huhukumu upesi kwa kuwa ameona mengi. Lakini katika hayo mengi, sisi tumechagua ya kukumbuka. Baba zetu waliposafiri kununua bidhaa, ni mama zetu waliofungua duka, wakapima sukari, wakajua nani akopeshwe na nani asikopeshwe. Jioni walihesabu fedha, nasi tukiandika kazi za shule juu ya magunia, tukiwatazama. Hata hivyo, tunaposimulia leo, husema, “Mama alikuwa akisaidia dukani.” Neno hilo “kusaidia” limemeza kazi ya maisha mazima.

Wala si mama zetu tu. Huko Mumbai mwaka 1959, wanawake saba wa Kigujarati walianza kutengeneza papad kwa mkopo wa rupia 80. Ndiyo Lijjat tunayoila hadi leo. Nasi kila Diwali, katika Chopda Pujan, twaweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati, kisha twavikabidhi kwa wanaume.

Binti yule sasa amehitimu chuo. Nafasi ya mweka hazina itakuwa wazi hivi karibuni, na baadhi yetu tumekwisha kunong'ona kwamba ataolewa, atahama. Waweka hazina wetu wawili waliotangulia, wanaume wote, walihamia Leicester na Toronto. Hatukuwauliza juu ya kuhama kabla ya kuwachagua.

Fomu tumempelekea.