LIPU YA NYUMBA ZA KALE
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waashi na vibarua)



Nimeombwa niseme juu ya kuta za nje za nyumba za kale, kama zile za Mji wa Kale Mombasa na za Lamu. Nimekubali kwa kuwa kazi hii ikiharibika, anayelaumiwa ni fundi, si yule aliyemwamuru.

Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake una unene wa nusu mita hivi. Jiwe lile lina vitundu vyenye hewa. Ndiyo sababu joto la mchana huchelewa kuingia ndani. Lakini vitundu hivyo hivyo hunyonya maji ya mvua na chumvi ya bahari. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke tena kwa jua. Ukipaka saruji ngumu, umeuziba ukuta pumzi. Unyevu hupanda na kutokea chumbani, chumvi hugeuka punje nyuma ya lipu na kuisukuma, mpaka ianguke pamoja na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani navyo huoza.

Mimi nilifanya kosa hili. Mkandarasi mmoja alitulipa kwa mita, akataka saruji kwa kuwa hukauka upesi. Tukamaliza kwa siku nne, tukajisifu. Baada ya masika ya pili lipu ilianguka, naye akatuita mafundi wabovu mbele ya mwenye nyumba. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha ni nani aliyechagua saruji.

Chokaa haitaki haraka. Saruji ya zamani iondolewe polepole kwa nyundo na tindo, jiwe lisivunjike. Rowesha ukuta. Changanya chokaa iliyozimwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, wala usichote mchanga wa ufukweni, maana una chumvi. Paka mikono myembamba, kila mkono usizidi sentimita 1, na ungoje siku kadhaa kabla ya mwingine. Funika kwa magunia mabichi. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa, na jua kali likiikausha mapema hugeuka unga.

Basi mtu akilipwa kwa mita atawezaje kungoja? Kazi ya chokaa tudai ilipwe kwa siku, na aina ya lipu iandikwe kabla ya jukwaa kusimamishwa.

Tena, chokaa mbichi huchemka ikitiwa maji, na ikirukia jicho huliunguza. Likipatwa, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha aende hospitali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Miwani na glavu si za kukatwa mshahara. Aliyekatwa alete karatasi yake ya malipo kwa katibu.