Somo la Ndoa: Uchungu wa Mke Asiyezaa



Wapendwa wasikilizaji wa Kolwezi, nanyi mkaao vijijini kandokando ya mto Lualaba, somo letu la leo lahusu nyumba isiyo na mtoto.

Mke amekaa na mumewe miaka, wala hajachukua mimba. Jamaa za mume husema: "Ana moyo mbaya, mawazo yake yamefunga tumbo." Je, ni kweli?

Madaktari hufundisha kwamba hofu kubwa na mashaka ya siku nyingi, hasa pamoja na njaa, vyaweza kusimamisha siku za mwezi za mwanamke, asipate mimba. Lakini hiyo si sababu ya kila utasa. Katika Afrika, mara nyingi ni ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, uzibao mirija ya uzazi. Tena mara nyingi kasoro iko kwa mume, mbegu zake zikiwa chache au dhaifu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 hivi katika watu 6 hupatwa na shida hii maishani. Je, wote hao wana moyo mbaya? Sivyo.

Mkumbukeni Hana. Penina alimchokoza mwaka kwa mwaka, hata akalia asile. Kuhani Eli alipoiona midomo yake ikicheza pasipo sauti, alimdhania kuwa amelewa. Kumbe alikuwa akiomba kwa uchungu. Ikiwa kuhani alikosea hivyo, sisi tusiojua siri ya tumbo la mwenzetu tutahukumuje?

Hapa kwetu, katika makambi ya Union Minière, wake wengi walikaa mbali na mama zao. Asiyezaa alimlilia nani? Basi wewe mama mkwe, uwe mama yake. Matusi hayafungui tumbo, huongeza jeraha.

Nanyi mume na mke, mwaka ukipita bila mimba, nendeni hospitali pamoja, wote wawili mkapimwe. Mume asibaki nyumbani akingoja habari za mkewe.

Swali: Je, mume aweza kumfukuza mkewe kwa kuwa hakuzaa?

Jibu: Hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yafundisha kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mume na mke wasio na mtoto ni mume na mke kweli.

Lishikeni neno hili, mkawaambie jirani. Kwaherini.