Somo la Redio: Ngozi ya Paa Bapa

Leo tunasema juu ya paa la duka, tena paa bapa, la zege. Wekeni daftari na penseli karibu, maana hesabu ipo.

Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa na mteremko mkali. Mvua ilishuka ikaenda zake. Juu ya paa bapa maji hutuama, nayo zege, ingawa ni gumu, lina vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa hiyo hutandikwa juu yake kitu kisichopitisha maji. Hicho ndicho ninachokiita ngozi ya paa.

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Basi mwenye duka hapa Bilele, mwenye paa la mita 10 kwa 20, hupokea lita 400,000 kila mwaka, na chini yake pana sukari na vitenge. Maji yakifika kwenye nondo ndani ya zege, nondo hushika kutu, huvimba, na kulipasua zege. Hasara hiyo hupita ya magunia ya sukari.

Madukani utaonyeshwa aina kadhaa. Jora la lami hubandikwa kwa moto wa gesi, na mafundi wengi wamelizoea. Mpira mweusi huvutika sana na hustahimili jua, lakini hauelewani na mafuta. Kama mpangaji wako anakaanga samaki na moshi wake hutokea juu ya paa, uache. Plastiki huungwa kwa hewa ya moto, na kiungo huwa kitu kimoja. Lakini usiitandike moja kwa moja juu ya lami ya zamani: lami huiharibu, ikakakamaa na kupasuka. Iko pia ya kupaka, nzuri penye mabomba na pembe nyingi, ila fundi akiipaka nyembamba umenunua rangi tu.

Uchague ipi? Kumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililopasua nyumba nyingi mjini kwetu. Ufa wa zege hufunguka na kufunga kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na ngozi isiyovutika itapasuka papo hapo. Kwa duka la kawaida mimi ningechukua jora la lami iliyochanganywa na mpira, matabaka mawili, la juu liwe na chembe za mawe za kulikinga na jua. Plastiki ni nzuri, lakini itakufaa nini kama kila ikitoboka lazima uagize fundi na mashine kutoka Mwanza?

Kabla ya kulipa, pima. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita 1. Majora yapandane sentimita 10, na ngozi ipande ukutani sentimita 15. Kisha ziba mifereji, jaza maji ya kina cha sentimita 3, uyaache siku nzima, ukaangalie dari. Tazama hasa pale nondo zinapochomoza kungojea ghorofa ya pili. Hapo ndipo maji huingia kwanza.

Zoezi: paa ni mita 8 kwa 15, na usiku mmoja imenyesha mvua ya milimita 60. Ni lita ngapi? Tutasahihisha katika somo lijalo. Kwaherini.