Kitabu cha Watu Wawili Wanaobishana

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya kitabu cha zamani sana. Kiliandikwa kwa Kigiriki mnamo mwaka 447. Mwandishi wake ni Theodoret, askofu wa mji wa Cyrrhus, huko Siria. Kitabu kinaitwa Eranistes, yaani mwombaji anayeokoteza vya huku na huku. Theodoret aliyaona mafundisho ya wapinzani wake kuwa ni kama nguo ya viraka.

Ndani yake wamo watu wawili. Mmoja ni Orthodoxos, mwenye imani iliyonyoka. Wa pili ndiye huyo Eranistes. Wanabishania nini? Wanabishana kama utu wa Yesu Kristo ulibaki, au ulimezwa na Umungu wake. Eranistes anasema ulimezwa, kama tone la asali likianguka baharini. Utaliona wapi tena? Mwenzake anamtolea mfano wa chuma. Chuma kikitiwa motoni huwaka na kuunguza kama moto wenyewe. Hata hivyo ni chuma bado, na mhunzi anakipiga nyundo. Basi, aliyewahi kukaa karibu na mhunzi haulizi tena.

Lakini lililotufurahisha zaidi liko mwanzoni kabisa. Wayunani wa kale waliyaingiza majina ya wasemaji katikati ya maneno, maana waliwaandikia wasomi. Theodoret hakutaka hivyo. Aliyaweka majina pembeni, kila msemaji anapoanza, ili hata mtu asiyezoea kusoma ajue nani anasema. Hebu fikirini! Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, askofu alimkumbuka msomaji kama sisi.

Na ubishi huo haukuwa mchezo. Mwaka 448 Kaisari alimkataza Theodoret kutoka Cyrrhus. Mwaka 449 mkutano wa maaskofu huko Efeso ukamvua uaskofu, naye hayupo, wala hakusikilizwa. Kaisari Theodosius II akafa mwaka 450, mambo yakageuka. Mwaka 451 mkutano wa Chalcedon ulimrudishia cheo, ila kwanza maaskofu walimpigia kelele mpaka akamlaani hadharani Nestorius, rafiki yake wa zamani. Hilo, sisi tunadhani, lilimwuma kuliko kufukuzwa.

Makanisa ya kale ya Misri na Ethiopia hayaukubali mkutano wa Chalcedon hata leo. Lakini msiwaweke upande wa Eranistes, jamani. Nao wanafundisha kwamba utu wa Kristo haukumezwa.