Bingwa wa Sakafu ya Fuvu na Nauli ya Kutoka Liuli
Maneno ya Kamati ya Afya kwenye mkutano wa mwaka wa harambee



Tumepewa dakika chache, kwa hiyo tunaanza na swali ambalo wengi mmetuuliza tangu hoja hii ilipoletwa. Chama kikimchangia daktari mmoja, mtoto wa nyumbani, akasomee ubingwa bobezi wa upasuaji wa sakafu ya fuvu, je, atarudi kufanya kazi Mbinga? Jibu letu ni hapana. Hatafanya kazi Mbinga, wala Songea. Atakuwa Dar es Salaam au kwenye hospitali nyingine kubwa ya rufaa, kwa sababu kazi yenyewe haifanyiki kwingine. Pamoja na hayo kamati inaiunga mkono hoja, ila kwa sharti moja, nalo tutalitaja.

Sakafu ya fuvu ni ule mfupa ulio chini ya ubongo, juu ya pua na nyuma ya macho. Una matundu mengi, na kila tundu linapitisha kitu ambacho mtu hawezi kuishi vizuri bila hicho: mishipa mikubwa ya damu inayopanda kutoka shingoni, neva za macho, za kusikia, za uso, za kumeza. Katikati kuna kishimo, na ndani ya kishimo kumelala tezi ya pituitari, ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hiyo ndogo ndiyo inayoamrisha ukuaji, hedhi, maziwa ya mama na mengine mengi.

Uvimbe unaoota hapo mara nyingi si saratani. Hukua polepole, miaka kwa miaka, na ndiyo maana unatupita machoni. Mama kijana anakosa siku zake, maziwa yanamtoka bila mimba, mtoto hapatikani. Huko kwetu mnajua maneno yatakayosemwa, na mnajua atakayenyooshewa kidole ni nani. Mwingine viatu vinaanza kumbana ukubwani, pete haitoki kidoleni, taya linarefuka. Mwingine anampita jirani aliyekaa pembeni ya njia bila salamu, anaitwa mwenye majivuno, kumbe haoni upande. Mvuvi wa namna hiyo haoni mtumbwi unaomjia ubavuni. Mwingine anapoteza usikivu wa sikio moja tu, na sikio hilo linavuma usiku kucha.

Baadhi ya hawa hawahitaji kisu kabisa. Ule uvimbe wa pituitari unaoleta maziwa, mara nyingi hutulizwa kwa vidonge. Lakini uvimbe ukishabana neva za macho, saa inahesabu. Ukiondolewa mapema, macho mara nyingi hupata nafuu. Neva ikishakauka, hata mkono wa bingwa hodari kuliko wote hauirudishi.

Kwa nini basi daktari wa upasuaji wa ubongo, ambaye tayari ni bingwa, arudi tena darasani? Kwa sababu mahali penyewe pamefichwa. Kufika huko inabidi kupita puani kwa kamera nyembamba, au nyuma ya sikio, au juu ya jicho, na pembeni mwa njia umbali wa milimita chache kuna mshipa wa damu ambao ukichanika mgonjwa anaweza kufa mezani. Harvey Cushing wa Marekani aliwapasua wagonjwa zaidi ya 200 wa pituitari kwa kupitia njia ya pua kati ya 1910 na 1925, halafu yeye mwenyewe akaiacha njia hiyo. Ilirudi kwa nguvu baadaye, mwanga na vifaa vya kuonea vilipokuwa bora. Shida iliyobaki ilikuwa kuziba tundu, maana maji ya ubongo yakivuja puani, uti wa mgongo huingia. Njia iliyopunguza sana shida hiyo, ya kukata kipande cha ngozi laini ya ndani ya pua kikiwa bado na mshipa wake wa damu na kukilaza juu ya tundu, ilielezwa mwaka 2006 na madaktari wa Rosario, Argentina, pamoja na wenzao wa Marekani. Kwa hiyo ujuzi huu hautoki New York na London peke yake.

Mambo kama hayo hayasomwi kitabuni yakatosha. Kuna mtu tunapenda kumtaja, Albert Rhoton. Alizaliwa 1932 kijijini Kentucky, kwenye nyumba ya magogo isiyo na maji wala umeme, na mkunga aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la mahindi. (Wazee, hapo mnacheka, lakini mnaijua hesabu hiyo.) Mtoto huyo ndiye aliyekuja kufungua maabara huko Gainesville, Florida, ambamo vichwa vya watu waliojitolea miili yao kwa sayansi vilijazwa rangi, nyekundu kwenye ateri na buluu kwenye vena, ili daktari ajifunze njia zote kwa hadubini kabla ya kumgusa aliye hai. Zaidi ya madaktari mia moja kutoka nchi mbalimbali walipita kwake. Mafunzo ya ubobezi ni hayo: mwaka mmoja au miwili ya kukaa kando ya mwalimu, maabara na chumba cha upasuaji, pamoja na bingwa wa masikio, pua na koo, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Na hapa kwetu? Mwaka 2006 Tanzania ilikuwa na mabingwa watatu tu wa upasuaji wa ubongo kwa watu karibu milioni 40. Mwaka huo Dilan Ellegala, daktari kutoka Marekani, alifika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, akamfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, kufungua fuvu na kuokoa majeruhi. Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu baadhi ya vijana wetu wanaitumia kusema kwamba hata Litembo au Peramiho wanaweza kufundishwa vivyo hivyo. Kwa damu iliyoganda baada ya ajali ya bodaboda, tunakubaliana nao kabisa, na hoja hiyo iletwe mwakani. Kwa sakafu ya fuvu hapana. Hiyo inataka hospitali inayopokea wagonjwa wengi wa aina moja, mashine za picha, chumba cha wagonjwa mahututi na timu isiyobadilika.

Timu hiyo imeanza kujengeka. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiyo kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini, na imekwisha kuondoa uvimbe wa pituitari kwa kupitia puani bila kufungua fuvu. Weill Cornell ya New York imeshirikiana nayo zaidi ya miaka kumi: walimu wanakuja Dar es Salaam, na baadhi ya madaktari wetu wanakwenda kule. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa ukanda wetu chenye makao Arusha, kinawafunza mabingwa wakiwa humu humu kazini. Serikali nayo ina ufadhili wa ubingwa na ubobezi. Mara nyingi kinachopungua ni vitu ambavyo mfadhili havimhusu: kodi ya chumba ugenini, tiketi, na matumizi ya familia iliyobaki nyumbani. Hapo ndipo chama kinaweza kuingia, na si kulipa ada yote.

Sasa sharti letu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,848,794 mkoani Ruvuma. Bingwa wa Muhimbili atawasaidia wale tu watakaomfikia wakiwa bado wanaona. Mgonjwa wa Liuli ana Hospitali ya Mtakatifu Anna karibu, kisha Mbamba Bay, kisha kilomita 66 za lami hadi Mbinga, kisha Songea, halafu zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Kadi ya bima hainunui tiketi ya basi, wala haimlazi ndugu anayemuuguza. Wengi huishia Songea na karatasi ya rufaa mfukoni, wakisubiri kahawa iuzwe au dagaa wapate bei. Kwa hiyo tunaomba fungu la kwanza la harambee hii liwe la nauli na malazi, na fungu la daktari lifuate.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama kubwa. Muuguzi wa zahanati anaweza kukaa uso kwa uso na mgonjwa, amfunike jicho moja, asogeze kidole taratibu kutoka pembeni, na kuuliza, "Unakiona sasa?" Kisha jicho la pili. Asiyeona pande za nje kwa macho yote mawili apelekwe kupigwa picha ya kichwa, si kuandikiwa miwani. Madaktari wetu wawili wa nyumbani wamekubali kwenda likizo ya Desemba kuwaonyesha wauguzi wa mwambao na wa milimani. Wanachohitaji ni usafiri na chakula cha siku nane.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Kuna sehemu tatu: nauli na malazi, mafunzo ya zahanati, na mfuko wa daktari. Weka alama unapotaka fedha yako iende. Asiyeweka alama, yake itaingia kwenye nauli. Walioko Mbinga na Nyasa wanaweza kuzirudisha kwa makatibu wa kata kabla ya msimu wa kahawa kufungwa.