Binti na Somo Wake

Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha vikundi vya wanawake na vijana



Nimeombwa nizungumzie mpango wetu wa kuwaunganisha mabinti na wanawake wenye uzoefu. Katika nyaraka tuliuita "ulezi wa kiujasiriamali". Mama mmoja, fundi cherehani, aliponisikia nikilitamka jina hilo aliniuliza, "Mwanangu, kwani neno somo hamlijui?" Alinikosoa kwa haki. Pwani yetu ilikuwa na somo kabla Halmashauri hazijazaliwa: mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari, akamfunza yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema, akabaki msiri wake hata baada ya harusi. Sisi tumeongeza daftari la mapato na matumizi tu.

Mama huyo ndiye aliyekabidhiwa binti ninayetaka kuwasimulia, kwa idhini yao wote wawili. Binti aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Ulipotoka Waraka wa mwaka 2021 ulioruhusu wanafunzi wa namna yake kurejea masomoni, alikuwa na mtoto wa kulea, na sare yake ilikwisha kuvaliwa na mdogo wake. Alikuja ofisini kuulizia mkopo, akasimama nje ya mlango hadi saa sita. Alipoingia, ilibidi nimwombe arudie jina lake mara tatu.

Somo wake hakuanza na cherehani. Alimpeleka sokoni, akamwagiza aulize bei ya kitenge katika kila duka, kwa sauti ya kusikika, asinunue hata kimoja. Wiki nzima! Mimi nina stashahada ya mawasiliano ya umma, na katika masomo yangu yote sikupewa zoezi lililo bora kuliko hilo. Baada ya hapo likaja daftari, kisha kikundi, kisha mkopo.

Mkopo wenyewe mnaujua. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inazitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini hurejeshwa, ili kikundi kingine nacho kipate. Wenzake walimchagua binti kuwa mhazini.

Jumamosi moja jioni somo wake alimfuata nyumbani. Mjukuu alikuwa anakwenda kidato cha kwanza na mahitaji hayajatimia. Akaomba shilingi laki mbili katika fedha za marejesho, azirudishe baada ya wiki mbili. Binti alimpa shikamoo, akamkaribisha kiti, akaleta daftari. "Mama, kuandika humu nimefundishwa na wewe. Ukurasa huu nitauandikaje?"

Mama aliondoka bila kuaga. Siku kumi hawakusemezana. Binti alikuja kwangu akitaka kujiuzulu uhazini, akilia kwamba amemvunjia heshima mtu aliyemfanya awe mtu. Sikuwa na jibu. Nilimwambia asubiri kikao tu. Kikaoni mama alisimama mwenyewe, akataka iandikwe katika muhtasari kwamba aliomba fedha za marejesho na mhazini akamkatalia. Wanachama wakampa mkopo kutoka mfuko wa jamii, unaotokana na michango yao wenyewe, kama katiba ya kikundi inavyoruhusu.

Ningependa kusema kwamba wote waliounganishwa wamefika hapo. Hapana. Wapo walezi waliowageuza mabinti kuwa watumishi wa nyumbani bila ujira, na sisi tulichelewa kulitambua, kwa kuwa tulihesabu majina katika orodha pasipo kuwatembelea wenye majina. Kwa hiyo sasa binti na somo wake watakutania mahali pa kikundi, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atazungumza na binti peke yake kila mwezi. Binti anaweza kuomba somo mwingine bila kutoa sababu.

Daftari la kujiandikisha liko kwa Afisa huyo katika kila kata. Hatuulizi cheti. Tunauliza kazi unayoifanya, na siku unayoweza kuitoa. Wauza samaki, wakunga wastaafu na mafundi ndio tunaowahitaji zaidi. Watumishi wa ofisini, nikiwamo mimi, tumekwisha kujaa.

Binti yule naye amejiandikisha. Amepangiwa msichana aliyerejea shule mwaka huu baada ya kujifungua. Wanakutana Jumamosi saa nne asubuhi, sokoni, upande wa maduka ya vitenge.